Hafuati masharti

Kwenye faili la mama mmoja niliyemhudumia kwa miaka 6 kuna maneno mawili niliyoyaandika mara nne, kwa mwandiko wangu, kwenye tarehe nne tofauti: hafuati masharti. Madaktari wenzangu wanayajua maneno haya. Tunayaandika pale sukari inapogoma kushuka ilhali dawa zipo, dozi inatosha na maelezo yametolewa. Ukishayaandika unapata nafuu kidogo, kwa sababu mzigo umetoka kwako umekwenda kwa mgonjwa, na unamwita anayefuata.

Mimi ni daktari wa familia. Miaka ya karibuni nimeitumia kutafiti namna ya kutibu sonona, ule ugonjwa wa akili unaomnyima mtu raha na nguvu, kwa watu ambao tayari wanaishi na kisukari, presha au ugonjwa wa moyo, na kila ninapoulizwa nilifikaje huko, narudi kwenye faili hilo.

Mama huyu alianza vizuri sana. Alikuwa na daftari dogo ambamo aliandika sukari yake ya kila asubuhi, tarehe kushoto, namba kulia, na siku namba ilipopanda aliandika pembeni sababu anayoidhani. Nilikuwa nikilisoma kwa furaha. Kisha daftari likaacha kuja. Nilipomuuliza alisema amelisahau. Mara iliyofuata akasema limejaa. Baada ya hapo mimi mwenyewe nikaacha kuuliza. HbA1c yake, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita, ikatoka 7.4 ikafika 9, ikapita 10. Nikaongeza dozi. Nikaongeza dawa ya pili. Nikamweleza habari za macho, figo na vidonda vya miguu, na nilimweleza kwa ukali, nikiamini hofu itamsukuma.

Siku moja nikamwomba aje na dawa zake zote. Alikuja na mfuko wa plastiki, akauweka mezani, akakaa. Nilizitoa pakiti moja moja. Kila moja ilikuwa na karatasi ndogo yenye tarehe aliyopewa, nami nikazipanga kwa tarehe kama mtu anayepanga karata. Miezi mitano ilikuwa mezani pale. Nyingi hazikuwa zimefunguliwa kabisa. Zilizofunguliwa zilikuwa zimetolewa vidonge viwili, vitatu, basi. Nilikuwa najiandaa kumgombeza. Akaniwahi, kwa sauti ya chini, macho kwenye pakiti:

"Daktari, nazichukua kwa sababu unaniandikia. Nikifika nyumbani nazitoa, nazitazama. Halafu najiuliza, za nini?"

Nilikuwa na majibu ya swali hilo kama ishirini, yote ya kitabibu, na namshukuru Mungu sikutoa hata moja. Nilimuuliza kuna kitu gani alikuwa anakipenda ambacho amekiacha. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema alikuwa anaimba kwaya. Nikauliza kama kuna aliyemkosea huko. "Hapana. Hakuna aliyenikosea. Nimeacha tu. Hata wakija kunichukua nasema naumwa sukari."

Usingizi ulikuwa unamkatika saa tisa za usiku na haurudi. Chakula hakina ladha. Kuoga, alisema, ni kazi ya kuikusudia tangu asubuhi. Hali hiyo ilikuwa na zaidi ya mwaka. Ndani ya mwaka huo nilikuwa nimemwona mara saba, nimempima presha mara saba, na sikuwahi kumuuliza lolote kati ya hayo.

Nilipoanza kusoma nilikuta kwamba nilichokiona kwake kilikuwa kimeandikwa muda mrefu. Mwaka 2001 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 42 na kuonyesha kwamba mtu mwenye kisukari ana uwezekano mara mbili zaidi wa kuwa na sonona kuliko asiye na kisukari. Mwaka mmoja kabla, uchambuzi mwingine ulikuwa umeonyesha kwamba wagonjwa wenye sonona wana uwezekano mara tatu zaidi wa kutofuata matibabu waliyopangiwa. Hiyo namba ya pili ndiyo iliyonikalisha chini. Nilichokuwa nikikiandika kama tabia ya mgonjwa kilikuwa dalili ya ugonjwa wake wa pili, na nilikuwa nimeiandika mara nne bila kuisoma.

Na magonjwa haya mawili yanalishana. Sonona huvuruga homoni za msongo, hasa kotisoli, na kotisoli hupandisha sukari. Mtu asiyelala wala kutembea, anayekula ovyo au asiyekula kabisa, sukari yake haitulii hata akimeza dawa. Upande wa pili, kisukari chenyewe ni kazi isiyo na likizo: kujichoma, kuhesabu, kukumbuka, kuogopa. Kuishi hivyo kila siku kunachosha roho, na nimejifunza kutenganisha uchovu huo na sonona yenyewe, maana vinafanana kwa mbali. Mtu aliyechoshwa na kisukari ukimwondolea kisukari kwa maneno, ukamwambia tuseme kesho umepona, uso unafunguka, ana mipango. Mwenye sonona ukimwambia hivyo haoni tofauti. Yule wa kwanza anahitaji kusaidiwa mzigo wa ugonjwa: ratiba nyepesi, vipimo vichache zaidi pale inapowezekana, mtu wa kuongea naye. Kumwandikia dawa za sonona ni kumwonea.

Tukaanzisha utafiti mdogo kwenye kliniki yetu ya magonjwa sugu. Dodoso tulilolitumia ni PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 unatakiwa kusimama na kuchunguza. Ni zuri kwa sababu ni fupi na kwa sababu linaweza kurudiwa kila baada ya wiki chache, kama unavyorudia kupima presha, ukaona mtu anashuka au anapanda. Kamati ya maadili ilipitisha, wagonjwa wakaombwa ridhaa, makaratasi yakachapwa. Yalikuwa yakijazwa asubuhi mapokezini, na mimi nilikuwa nikiyajumlisha jioni kliniki ikishafungwa.

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka kulieleza kosa hili taratibu kwa sababu najua kuna mwenzangu mahali fulani anapanga kulifanya.

Ilikuwa wiki ya pili. Jioni, rundo la makaratasi liko mbele yangu, kalamu nyekundu mkononi, najumlisha. Nikafika kwenye karatasi la kijana wa miaka 30 na kitu mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Swali la 9 linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba ni afadhali angekufa au ya kujidhuru. Alikuwa ameweka alama kwenye kisanduku cha mwisho, karibu kila siku. Alama yenyewe ilikuwa imekolezwa, amepitisha kalamu mara mbili tatu mahali pamoja mpaka karatasi likatoboka kidogo. Juu ya karatasi kulikuwa na saa aliyolijaza: saa tatu asubuhi. Nilitazama ukutani. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Alikuwa ameniambia kila kitu, akakaa kwenye benchi, akaitwa, akapimwa sukari, akaandikiwa insulini na mimi mwenyewe, akaondoka. Karatasi lilikuwa kwenye droo.

Nilipiga simu. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Mara ya tatu alipokea kaka yake. Sikumweleza mambo ya mgonjwa wangu. Nilisema nahitaji kuongea na ndugu yako sasa hivi, naomba usikae naye mbali. Alipokuja kwenye simu nilimuuliza moja kwa moja, kama tunavyofundishwa: unafikiria kujiua? Akanyamaza, akasema, "Nilidhani hamjalisoma." Walikuja usiku ule, yeye na kaka yake. Yuko hai, na alinikubalia niandike haya.

"Nilidhani hamjalisoma" ni sentensi ninayoisikia kila ninapoona kliniki inasambaza madodoso. Baada ya siku ile hatukuruhusu karatasi litoke mkononi mwa mgonjwa bila mtu kuliangalia swali la 9 papo hapo, kabla hajasimama. Na siku ambayo hakuna wa kukaa na mgonjwa faraghani, madodoso hayatolewi kabisa. Kuna watu walitulaumu kwamba tunapunguza idadi ya washiriki. Tulipunguza. Kuhusu ile hofu ya kwamba ukimuuliza mtu habari za kujiua utampandikizia wazo, tafiti haziiungi mkono, na katika chumba changu sijaona hata mmoja aliyekasirika kuulizwa. Ninachokiona ni mabega kushuka. Wengi wanakuwa wanangoja mtu alitaje hilo neno kwanza wao wasilianze.

Jambo jingine lililotusumbua sana ni lugha. Ukimuuliza mtu "una huzuni?" anakwambia hapana, na hasemi uongo. Huzuni kwake ni msiba, ni kulia. Yeye halii. Wagonjwa wangu husema: nguvu zimeniisha. Moyo mzito. Kichwa kimejaa. Mwili mzima unauma na vipimo havionyeshi kitu. Nina mawazo. Hilo la mwisho nililipuuza kwa miaka mingi kwa sababu kila mtu ana mawazo, mpaka nilipoanza kuuliza, mawazo gani, yanakuja saa ngapi, yanakuachia lini? Kwa Kiswahili mtu mwenye mawazo anaweza kuwa na deni tu. Anaweza pia kuwa kwenye shimo refu, na neno ni lilelile. Nilifarijika kuona wenzetu wa Zimbabwe waliligeuza jambo kama hili kuwa mlango. Washona wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na mradi ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda uliwaweka kina bibi waliopewa mafunzo kwenye mabenchi ya nje ya zahanati, wazungumze na wagonjwa kwa neno hilohilo na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Matokeo ya jaribio lao yalichapishwa mwaka 2016: wagonjwa waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Neno la watu lilitosha kuanzia.

Ugumu mwingine wa maswali ni kwamba nusu ya dalili za sonona ni dalili za magonjwa tunayoyatibu. Uchovu: sukari iliyopanda inachosha, moyo ulioshindwa unachosha, figo zikichoka damu inapungua na mtu anachoka. Usingizi: anayeamka mara nne kukojoa hajalala. Hamu ya chakula, uzito, umakini, vivyo hivyo. Kwa hiyo kabla sijamwita mtu mgonjwa wa sonona naangalia kiwango cha damu, tezi ya shingo, dawa anazomeza, hasa za jamii ya steroidi, kiasi cha pombe, na namuuliza anayelala naye kama anakoroma na kukatika pumzi. Baada ya hapo narudi kwenye mambo mawili ambayo kisukari peke yake hakiyaelezi vizuri: kukosa raha na vitu ulivyovipenda, na kujiona huna thamani. Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa moyo alinijibu vizuri kuliko kitabu chochote. Nilimuuliza, mzee wangu, wajukuu wakija unajisikiaje? Akasema, "Nawasikia wanacheka, nasikia kama wako nyumba ya pili."

Mzee huyo alikuwa ametoka kwenye shambulio la moyo miezi 4 iliyopita. Hakuwahi kusema ana huzuni. Familia yake ililalamika kwamba amekuwa mkali, anafokea watu, hataki mazoezi aliyopangiwa. Kwa wanaume naiona sana sura hiyo, hasira mbele na sonona nyuma yake. Tangu mwaka 1993, utafiti wa Nancy Frasure-Smith na wenzake huko Montreal ulionyesha kwamba wagonjwa wenye sonona baada ya shambulio la moyo wana hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya miezi 6. Ningependa kuandika kwamba ukitibu sonona, hatari hiyo inaondoka. Niliamini hivyo nilipoanza. Lakini jaribio kubwa lililoitwa ENRICHD, lenye wagonjwa 2,481, lilitoa matokeo mwaka 2003: matibabu yalipunguza sonona, hayakupunguza vifo wala mashambulio mapya. Nililisoma hilo usiku mmoja na nilisikitika kabisa. Kesho yake nikamwona yule mzee, na nikajua kwamba hata kama simwongezei mwaka, kumrudisha kwenye nyumba ya wajukuu wake ni tiba inayojitosheleza. Tangu hapo sikumwahidi mgonjwa yeyote kwamba dawa ya sonona itaulinda moyo wake. Namwambia itamsaidia yeye.

Sasa nije kwenye kile kilichobadilisha kazi yangu kuliko vyote, nacho si dawa.

Mwanzoni nilidhani shida ni kutambua. Tukawa hodari wa kutambua. Tulimwona mtu, tukampa jina la ugonjwa wake, tukamwandikia dawa au tukampa barua ya kwenda kwa mtaalamu wa akili, na tulijipongeza. Baada ya miezi mitatu nikarudi kuwatafuta. Wengi wa wale waliopewa barua hawakwenda. Wengi wa waliopewa dawa waliacha ndani ya wiki ya pili, kwa sababu dawa hizi huanza na madhara, kichefuchefu, kichwa, usingizi kuvurugika, na faida yake huja baada ya wiki 2 hadi 4, mara nyingine zaidi. Mtu aliyekata tamaa ukampa kidonge kinachomwongezea kichefuchefu, ukamwambia tuonane baada ya miezi mitatu, umemwachia peke yake zile wiki ambazo ni ngumu kuliko zote. Na sonona yenyewe inamwambia kila asubuhi kwamba haitasaidia.

Daktari wa akili Wayne Katon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, Marekani, walikuwa wamelifanyia kazi tatizo hili tangu miaka ya 1990. Jibu lao ni la kawaida mno kulisikia: mpe mgonjwa muuguzi mmoja anayemfuatilia kwa simu na kwa macho, anayerudia dodoso kila baada ya wiki chache, na kila wiki muuguzi huyo akae na mtaalamu wa akili wapitie orodha nzima, waone nani hajapata nafuu, wabadilishe matibabu bila kungoja. Jaribio la IMPACT la mwaka 2002, lenye wazee 1,801, lilionyesha kwamba baada ya miezi 12 asilimia 45 ya waliofuatiliwa hivyo dalili zao zilipungua kwa nusu au zaidi, dhidi ya asilimia 19 ya waliopata huduma ya kawaida. Kisha mwaka 2010 Katon akachapisha lile nililokuwa nalitafuta: wagonjwa 214 wenye sonona pamoja na kisukari au ugonjwa wa moyo ambao haujadhibitiwa, muuguzi mmoja akifuatilia vyote kwa pamoja. Sonona ilipungua, na sukari, presha na lehemu (kolesteroli, mafuta kwenye damu) navyo vikashuka. Waliosema huo ni mfumo wa nchi tajiri walijibiwa mwaka 2020 na utafiti wa India, kwenye kliniki 4 za kisukari, watu 404, miezi 24, matokeo ya mwelekeo uleule.

Sisi tulikuwa na muuguzi mmoja, simu moja na daktari wa akili aliyekubali kutupa saa moja kila Alhamisi. Sista wetu huyu hakuwa na mafunzo ya afya ya akili. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu ya watu. Tulimfundisha dodoso, namna ya kuuliza kuhusu kujiua, madhara ya dawa, na namna ya kumrudisha mtu kwenye shughuli zake kidogo kidogo. Hilo la mwisho alilielewa kuliko mimi. Mimi nilimwambia yule mama wa kwaya arudi kwaya. Hakurudi. Sista akampigia: "Mama yangu, Jumamosi usiende kuimba. Nenda ukakae nje tu, dakika kumi, uwasikilize, halafu urudi nyumbani. Jumatatu nakupigia uniambie waliimba nini." Mama alikwenda, kwa sababu Jumatatu ataulizwa. Dakika kumi. Wiki iliyofuata akakaa mpaka mwisho. Ilimchukua wiki saba kufungua mdomo.

Kuhusu dawa niseme machache, kwa sababu nimeona zikiandikwa kwa mazoea. Amitriptilini ni ya zamani na husaidia wengi, lakini hukausha mdomo, huongeza uzito na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa mgonjwa wa moyo siianzii. Setralini ilijaribiwa kwa watu waliotoka kwenye shambulio la moyo, matokeo yakachapishwa 2002, na ikaonekana salama kwao. Fluoksetini inaweza kushusha sukari, hivyo anayetumia insulini apime mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Dawa za kundi la hizi mbili za mwisho, setralini na fluoksetini, zikichanganywa na aspirini huongeza uwezekano wa kutoka damu. Na kabla ya yoyote kati ya hizo namuuliza mgonjwa na ndugu yake kama kuna kipindi alichangamka kupita kiasi, halali na hachoki, anatumia fedha ovyo, kwa sababu huyo anahitaji matibabu mengine kabisa. Akipata nafuu asiache. Tunaendelea angalau miezi 6, na tunaacha kwa kupunguza, pamoja.

Yule mama alianza na alama 19. Baada ya miezi minne alikuwa na 8. HbA1c ilishuka ikafika 8 na kitu, haikurudi kwenye 7.4, na mimi nimeacha kumpigia kelele juu ya hiyo tofauti. Mwaka jana alifiwa na dada yake, akarudi chini. Safari hii tulijua ndani ya wiki mbili, kwa kuwa hakupokea simu ya Sista, jambo ambalo si kawaida yake. Tulipanda naye tena, polepole kuliko mara ya kwanza. Faili lake bado lina yale maneno mara nne. Rekodi hazifutwi. Nilichoweza ni kuandika chini yake, kwa tarehe ya siku ile ya mfuko wa plastiki: sonona, haikuulizwa.

Alhamisi iliyopita tulikaa kama kawaida, Sista, daktari wa akili na mimi, orodha mezani. Ilikuwa na majina 31. Tulianza na wale ambao alama zao hazijashuka kwa wiki 8, tukabadilisha dozi za wawili, tukakubaliana mmoja aonwe na mtaalamu mwenyewe wiki hii. Wa tano kwenye orodha ni baba mwenye kisukari na figo zinazodhoofika, ambaye amekosa miadi mara mbili. Sista alipiga tukiwa palepale. Simu iliita mpaka ikakatika. Akaandika saa pembeni mwa jina, nne na dakika ishirini, akasema atapiga tena saa nane, na asipompata atampigia binti yake, namba ambayo baba mwenyewe aliitoa kwa ajili hiyo. Akasogeza rula chini kwenye jina la sita.